Kidole cha Bibi Ndayikunda

Jumatano, 12 Februari 2025

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si Ange ninayekaa naye dawati moja. Muhtasari wa mkutano wa mtaa wetu, ule uliopelekwa halmashauri juzi, nimeuandika mimi. Mimi Firdausi, kidato cha tatu, ambaye darasani nikiulizwa hata jibu ninalolijua naangalia chini.

Na si muhtasari tu. Na ile karatasi ya majina iliyobanwa nyuma yake.

Niandike ilivyokuwa, labda nitaelewa. Jumamosi ilikuwa msaragambo – mtaa mzima kufyeka njia ya kisimani na kuzibua mtaro. Kila anayefika anaandikwa kitabuni na kuweka sahihi. Asiyejua kuandika anaweka kidole. Ukikosa kuandikwa, mjumbe anakufuata mpaka mlangoni. Nilikwenda mimi badala ya Baba, maana duka halifungwi Jumamosi. Saa tano kazi ikaisha, Mtendaji Reverien akapanda juu ya jiwe, akasema tufanye mkutano hapo hapo: zahanati imepatikana, mtaa uonyeshe eneo. Mwenyekiti akaonyesha shamba lililo chini ya kisima. Ni tambarare, alisema, gari linafika. Mtu akauliza, kwani la nani lile? Ndipo mvua ikaanguka. Si manyunyu – mvua! Watu wakakimbia na majembe mabegani. Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema hapana.

Jioni Mtendaji akaja dukani. Akasema mwandiko wangu kwenye lile bango la sukari ni kama umechapwa, nimwandikie muhtasari, halmashauri wanautaka Jumatatu asubuhi, tukichelewa zahanati inakwenda mtaa mwingine. Nikamuuliza niandike watu walikubaliana nini. Akacheka. "Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Jumapili nikaandika kama tulivyofundishwa: kufungua mkutano, ajenda, kufunga mkutano. Kwenye uamuzi nikakwama. Mfano wa kitabu cha shule unasema "walikubali kwa kauli moja". Nikaona inasomeka vizuri. Nikaiweka. Hakuna aliyeniambia niiweke!! Kisha Mtendaji akaleta ukurasa aliouchana kwenye kitabu cha msaragambo. Juu ulikuwa mtupu. Akasema nitie kichwa cha habari, nibane nyuma. Nikaandika kwa herufi kubwa MAHUDHURIO YA MKUTANO MKUU WA MTAA, nikapiga mstari kwa rula.

Shamba la chini ya kisima ni la Bibi Ndayikunda, bibi yake Ange. Kidole chake kipo, namba kumi na saba. Alikiweka asubuhi, akafyeka kidogo, mguu ukamuuma, akaondoka kabla Mtendaji hajapanda kwenye jiwe. Nilimwona akiondoka. Nilimwona!

Nilikuwa najua nikiandika? Nadhani nilijua. Sikufikiri.

Lakini nimedanganya wapi hasa? Majina ni ya kweli. Vidole ni vya kweli.

Ijumaa, 14 Februari

Vigingi vinne. Vimepakwa rangi nyekundu juu. Vimo ndani ya muhogo wa Bibi, kimoja kimepasua tuta la viazi. Bwana ardhi na vijana wake walikuja tukiwa shule.

Ange alilia njia nzima. Yeye halii kwa huzuni, analia kwa hasira. Anasema Bibi aliwauliza wale vijana nani kawapa ruhusa, wakamjibu: "Wewe mwenyewe, Bibi. Si umeweka kidole?" Wakamwonyesha na karatasi.

Ange akauliza, hivi ni nani huyo aliyeandika? Nikasema sijui.

Nyumbani Baba ana furaha. Mwaka jana Siti, mdogo wangu, alishikwa na degedege. Walimpakia kwenye bodaboda, matope mpaka kwenye goti, akafika hospitali midomo imebadilika rangi. Leo Baba amesema pale chini ya kisima ni kutembea tu, hata ukiwa na kanga moja. Siti alikuwa anapiga kijiko kwenye sahani. Nami naitaka zahanati. Kweli naitaka! Ila nikiwaza vile vigingi naisukuma sahani.

Jumapili, 16 Februari

Ange alikuja na karatasi mbili za mstari. "Profesa, twende ukatuandikie barua ya malalamiko. Mimi nikiandika watadhani kuku kapita."

Sikupata sababu ya kukataa. Tukakaa uani kwa Bibi. Alikuwa anapukuchua maharage. Nikamwambia mwakeye, akaitikia kwa Kiha kirefu, nikatabasamu tu – Kiha changu kinaishia kwenye salamu na kununua ndizi. Akahamia Kiswahili. Akaniuliza hali ya Siti. Kila mara ananiuliza hali ya Siti.

Ange akasema niandike kwamba Bibi hakuwepo mkutanoni.

Bibi akaacha maharage. "Usiandike hivyo, mwanangu. Kidole ni changu. Nimekijua kwa kovu la jembe hili hapa." Akanionyesha kidole gumba. Kina mstari mweupe wa kukatiza.

"Lakini Bibi, ulikubali?" Ange akauliza.

Bibi akaokota maharage yaliyoangukia chini, kumi na moja, nikayahesabu. Kisha akasema karatasi inasema alikubali. Yeye siku hizi anasahau. Juzi katia chumvi mara mbili. Pengine alisema ndiyo, akasahau.

Anaiamini karatasi kuliko kichwa chake. Na karatasi hiyo ni mimi.

Barua haikuandikwa. Nilisema kichwa kinaniuma. Na kweli kilikuwa kinauma.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda ofisi ya mtaa baada ya vipindi. Nilipita mlangoni mara tatu. Mara ya nne Mtendaji akaniita mwenyewe. "Firdausi, unaipima ofisi yangu kwa hatua?"

Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha na karanga, akanikaribisha. Sikula. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikaisahau yote, nikasema tu kwamba ile karatasi ya majina ni ya kufyeka.

"Ndiyo."

"Si ya mkutano."

Akasema siku ni ile ile, watu ni wale wale. Kila mtaa unafanya hivyo. Ukisubiri watu watimie mkutanoni, hapa hata choo cha shule hakijengwi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwalimu anayekueleza hesabu uliyokosea.

Nikasema Bibi Ndayikunda hakuwepo.

Akaacha kutafuna. "Angekuwepo, angekataa?"

Nikasema sijui.

"Basi. Hata mimi sijui. Lakini wagonjwa nawajua."

Halafu akanipa magazeti mawili ya wiki iliyopita, maana anajua napenda kusoma. Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Jumatano, 19 Februari

Nimetafuta kitabu changu cha zamani cha uraia, cha shule ya msingi. Sura ya serikali za mitaa nimeisoma mara mbili. Inasema wananchi hushiriki katika kutoa maamuzi. Haisemi kitu kuhusu mvua.

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga: Jumamosi mkutano, kuthibitisha eneo la zahanati. Bwana ardhi atakuwepo.

Ijumaa, 21 Februari

Amekuja Niyibizi, mtoto wa Bibi Ndayikunda, anayefanya kazi ya kupakia malori huko Manyovu. Sauti yake ilifika mpaka dukani kwetu. "Mama, shamba la baba unaligawa kama unagawa togwa? Hata kunipigia simu!" Sauti ya Bibi hatukuisikia.

Wateja walikuwa wanacheka. Mama mmoja wa mtaa wa juu akasema, "Uzee huo. Kagawa mchana, jioni anajidai kasahau." Mwingine akasema asingiziwe uzee, huyo alitaka jina lake lisomwe wilayani. Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nafunga chumvi kwenye vifuko. Nikafunga kifuko kimoja kitupu.

Ange amenieleza kilichobaki. Niyibizi anataka kumhamishia Bibi Manyovu Jumapili hii. Anasema mtu asiyekumbuka alichokubali haachwi peke yake, kesho ataweka kidole kwenye nyumba. Bibi amesema hawezi kukaa kwenye chumba cha kupanga karibu na malori, hana pa kulima. Kisha amesema, basi, kama akili imekwisha, wanipeleke.

Kama akili imekwisha! Akili yake haijaisha. Anakumbuka degedege ya Siti ilikuwa siku gani.

Alasiri nimemwambia Baba. Alikuwa anapima mchele. Nikasema, Baba, ule muhtasari niliuandika mimi, na Bibi hakuwepo. Mkono wake ukabaki juu ya mizani.

"Nani anajua?"

"Mtendaji."

Akamwaga mchele kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaufungua, akaufunga tena. Akasema mtoto haandiki karatasi za serikali. Kwa hiyo hukuandika. Umenielewa?

Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande. Sijamwelewa. Lakini nilisema ndiyo, Baba.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya ofisi ya mtaa. Naandikia gotini, mwandiko huu si wangu. Wao wameingia ndani – bwana ardhi, Mtendaji, Mwenyekiti. Wamefunga mlango. Watu hawajaondoka. Niandike kwa mpangilio.

Mkutano ulianza saa nne na nusu. Watu wengi kuliko siku ya kufyeka, wengine wamekuja kumwangalia Bibi tu. Bwana ardhi anaitwa Kalunga, mtu mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma muhtasari wote kwa sauti. Maneno yangu! Watu walisikiliza kwa adabu kama yametoka mbali. Alipofika "kwa kauli moja", mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Kauli ipi? Mimi nilikuwa nakimbia." Lakini hakusema kwa sauti.

Kisha Kalunga akasema, kwa kuwa mwenye eneo yumo kwenye mahudhurio, anataka tu kumsikia mwenyewe, kazi iendelee. Bibi akasimama. Ange alimshika kiwiko. Niyibizi alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma.

"Mama, hiki kidole ni chako?"

Bibi akainama, akakiangalia, akakiangalia na chake. "Ni changu."

"Kwa hiyo ulikubali."

"Inaonekana nilikubali."

"Inaonekana!" mtu akadakia, na kicheko kikazunguka uwanja. Niyibizi akageuza uso ukutani. Bibi naye akatabasamu kidogo, kama mtoto aliyekosea ambaye anataka wenzake wamsamehe. Tabasamu hilo ndilo sikuliweza.

Nikanyoosha mkono. Kama darasani, kidole juu. Mtendaji akaniona. Akasema kwa upole, Firdausi, mkutano huu ni wa wenye miaka kumi na minane. Mtu akapiga kelele kwa jina la Baba, "Mwacheni mtoto wa Nurudini akapime chumvi!" Wakacheka.

Nina miaka kumi na sita. Ni kweli sina haki. Nilibaki na mkono juu, sijui kwa muda gani, maana niliona nikiushusha sitaupandisha tena. Kisha miguu ikaenda. Nilipita katikati ya watu mpaka mezani. Nilikuwa na maneno mengi kichwani, kuhusu mvua, kuhusu jiwe, kuhusu zahanati kwamba naitaka, lakini mdomoni yalifika machache. Nikaweka kidole kwenye kichwa cha habari. Nikasema, hiki nimekiandika mimi, Jumapili. Majina ni ya Jumamosi asubuhi, ya kufyeka. Bibi alikuwa ameshaondoka. Na kauli moja niliitoa kwenye kitabu cha shule.

Mbuzi alikuwa analia huko kwa jirani.

Kalunga akavua miwani. Akauliza, wewe ni nani? Nikataja jina langu, na kidato, na mkondo, kana kwamba nipo kwenye mtihani. Akamgeukia Mtendaji. Mtendaji uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka. Ningependa angekuwa na hasira. Wakachukua faili, wakaingia ndani.

Sasa. Ange amehamia mwisho wa benchi, kanipa mgongo. Amesema neno moja tu, "Wiki nzima, Firdausi." Baba yupo ng'ambo ya barabara, mlango wa duka uko wazi, hakuna anayeuza, anatazama huku. Mama mmoja amepita mbele yangu na kusema kama zahanati ikienda mtaa mwingine tutajua wa kumpelekea watoto wetu wakiugua. Anaweza kuwa sahihi. Sijui wanasema nini humo ndani. Sijui kama nimefungua kitu au nimekivunja.

Bibi amekuja kukaa karibu nami. Anakisugua kile kidole kwenye kanga kama bado kina wino.

"Kwa hiyo sikukubali?"

"Hukukubali, Bibi. Hukuwepo."

"Na sikusahau."

"Hukusahau."

Amemtazama Niyibizi, ambaye bado yuko ukutani, akaniambia niseme tena, kwa sauti. Nimeweka kalamu chini, nimesimama, nimesema tena.