Karani wa Mount Orrin

Mount Orrin, Ohio
Jumatatu, 7 Novemba 1994

Dada Imelda mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Lucille. Natumaini goti limepata nafuu, angalau kiasi cha kupanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono, maana najua unavyochukia kushikwa mkono. Sisi huku hatujambo. Mahindi tumemaliza kuvuna juma lililopita, baridi imeingia mapema, na kaburi la Mama nimelisafisha kama ulivyoagiza. Lucille anakushukuru sana kwa kitambaa cha meza. Amekikunja na kukiweka kabatini. Anasema ni kizuri mno kwa watu wanaokula kama sisi.

Katika barua yako uliniuliza jambo. Ulisema gazeti la hapa linakufikia likiwa limechelewa siku kumi, na kila ukilifungua unakuta timu ya shule ya mpira wa Kimarekani imepata pointi saba, au kumi, au tatu, na chini yake barua za wasomaji wakimlaumu kijana wa Bensman. Ukauliza kama ni kweli mtoto mmoja mwoga anaweza kuibana timu nzima, au ni watu wa Mount Orrin tu wamekosa kazi. Nitakujibu yote mawili, nikianza na la pili kwa sababu ni jepesi: wamekosa kazi.

Vikao vya Jumatatu unavikumbuka. Bado vipo, kwenye ukumbi uleule wa parokia, saa moja jioni. Kocha Hoying anaweka mkanda wa mchezo wa Ijumaa, wanaume arobaini wanakaa na sahani za pai mapajani, na kila mmoja anageuka kocha. Watu hawa, dada, hawawezi kukimbia kutoka mlangoni hadi kwenye gari bila kushika kiuno. Mkuu wao ni Othmar Kremer, kinyozi. Alicheza msimu mmoja mwaka 1961, akaumia nyonga mchezo wa pili, na tangu hapo anaeleza angefanya nini mchezo wa tatu.

Msimu huu mada ilikuwa moja tu, Corwin Bensman. Yeye ndiye mrusha mpira wetu, na huu ni mwaka wake wa mwisho shuleni. Anapokea mpira, anatupa jicho mara moja, anautoa upesi kwa mtu wa karibu. Yadi nne, yadi tano. Akiona hakuna njia anautupa nje ya uwanja na kungoja zamu nyingine. Kule mbele tuna kijana mwenye mbio kweli, anafika peke yake, anapunga mikono kama mtu aliyeachwa na basi, na mpira hauji.

Othmar alikuwa akisema mtoto yule anacheza kama aliyebeba mayai. Wapinzani wameshamjua, anasema, wamejazana wote karibu kwa sababu wanajua harushi mbali, na sasa hata wakimbiaji wetu hawana pa kupita. “Anatuziba wote, jamani. Timu nzima inapumulia tundu moja la pua.” Upande wa pili alikuwepo Mwalimu Sylvester Pohl, yule wa hesabu, na daftari lake. Kwa michezo minane Corwin hakuwapa wapinzani mpira hata mara moja, na mitano kati ya hiyo tulishinda. “Mpira tukiwa nao sisi,” akauliza, “hao wenzetu watafunga na nini?” Othmar akamjibu, “Mwalimu, wewe hata barabara ikiwa tupu unangoja taa.” Ukumbi ukacheka. Mwalimu akarudi kwenye daftari. Alisema kweli, lakini mtu anayetetea ukweli kwa kusoma tarakimu huku pai imemgandia kidevuni hamsaidii mtu.

Mimi nilikuwa upande wa Othmar. Nisikufiche, nilikuwa mbaya kumshinda. Othmar ana kelele tu, hana ulimi. Jumatatu ya tatu nilisimama nikasema huyu si mrusha mpira, huyu ni karani. Ukimpelekea ombi la yadi ishirini anakwambia jaza fomu, njoo kesho, bosi hayupo. Walicheka mpaka Kocha akasimamisha mkanda. Ijumaa iliyofuata jukwaa zima lilikuwa likiimba “Karani! Karani!” kila Corwin alipogusa mpira, na wasichana fulani walikuja na bango walilochora muhuri wa ofisi. Nilijisikia mtu. Ni miaka mingi tangu nilipochekesha watu arobaini kwa mpigo.

Baba yake, Alphonse Bensman, alikuwepo kila Jumatatu. Unamjua Alphonse, mfuga ng’ombe wa maziwa, shamba linalopakana na letu, maneno kumi kwa mwaka. Alikaa mstari wa nyuma na kofia gotini, hakula pai, hakusema kitu. Mimi nikadhani ni aibu ya kuzaa mwoga. Nikamdharau kwa hilo pia.

Basi maneno yakamchosha Kocha Hoying, ambaye uti wa mgongo wake ni wa siagi. Jumatatu ya tarehe 24 Oktoba akatangaza kwamba Ijumaa atamweka Vance Freytag. Vance ni kijana mwenye mkono mrefu na akili fupi, hajawahi kuona umbali asioupenda. Othmar alipiga makofi. Kwa nyuma Alphonse alivaa kofia yake na kuondoka kabla ya mkanda kwisha.

Ijumaa hiyo Vance alirusha mbali mara mbili na zote zikashikwa. Tukafunga pointi kumi na nne kabla watu hawajamaliza kukaa. Othmar alinikumbatia, mtu ambaye hajawahi kunipunguzia hata senti ya kunyoa. Mara ya tatu Vance alirudi nyuma, akasimama kumngojea mkimbiaji afike mbali zaidi, akangoja, na kijana wa upinzani akaja kutoka kushoto, upande ambao mrusha mpira haoni, akamkuta mgongo mzima uko wazi. Mtulinga ulivunjika. Mlio wake ulisikika mpaka tulipokaa. Mama yake aliruka uzio akiwa na viatu vya kanisani.

Sasa, Imelda, kaa chini kama hujakaa.

Yule anayelinda upande wa kushoto ni mwanangu. Royce ndiye wa mwisho kushoto katika ukuta wa vijana watano, jezi sabini na mbili, na kazi yake pekee duniani ni kuhakikisha hakuna anayemfikia mrusha mpira kwa nyuma. Agosti, tukipakia majani makavu, bega lake la kulia lilichomoka. Nilimpeleka kwa daktari wa mji wa jirani, si wa hapa, kwa sababu wa hapa angesema. Daktari aliandika apumzike miezi mitatu. Karatasi niliiweka kwenye droo yangu ya vifaa, chini ya misumari. Oktoba alikuwa anakuja mtu wa chuo kikuu kumwangalia Royce kama anafaa kupewa masomo ya bure kwa kuichezea timu yao, na nafasi kama hiyo haijawahi kufika kwenye nyumba yetu, wala ya Baba, wala ya babu. Nilimwambia Royce afunge bega kwa bandeji na afunge mdomo. Lucille nilimwambia limeteguka kidogo. Kocha aliponiuliza mara mbili mbona kijana anachelewa kuinua mkono, nilimwambia ni viatu vipya.

Umeshaona ninakokwenda. Kila kikao wale wajuaji waliutazama mkanda uleule mara tatu, na macho themanini yalifuata mpira. Mpira ukienda kushoto, vichwa vyote kushoto. Ukienda juu, videvu vyote juu. Hakuna hata mmoja, Mwalimu na daftari lake akiwemo, aliyewahi kuutazama ukuta. Mimi peke yangu sikuwa nikitazama mpira. Nilikuwa nikimtazama mwanangu. Niliona kila mchezo, kila zamu, Royce akipitwa kama mlango usio na komeo, na niliona Corwin akiuachia mpira nukta moja kabla hajafikiwa. Kumbe alikuwa na nukta mbili, na kwa nukta mbili hakuna binadamu anayerusha mbali. Nililijua hilo tangu mchezo wa kwanza. Nilipokuwa nimesimama pale nikimwita karani, nilikuwa nalijua. Nilimwita hivyo ili watu waendelee kumtazama yeye.

Royce alinishinda utu. Asubuhi baada ya Vance kuvunjika alikwenda mwenyewe kwa Kocha na kujitoa kwenye timu kwa sababu ya bega. Ya Agosti hakuyataja, nadhani kwa kunihifadhi mimi. Watu wakachukulia kuwa aliumia usiku uleule, wakaniletea kuku wa kukaanga kwa pole. Nilimla. Yule mtu wa chuo, aliyekuja Ijumaa hiyohiyo ya Vance, alikuwa ameondoka kabla ya mapumziko na hajapiga simu. Jumatatu iliyofuata nilisema nina mafua, sikwenda kikaoni.

Ijumaa iliyopita ulikuwa mchezo wa mwisho. Corwin alirudishwa kwa kuwa hakukuwa na mwingine, na mahali pa Royce akasimama kijana mwembamba wa mwaka wa pili, mwenye mabega yote mawili. Corwin alirusha mbali mara sita. Tano zikashikwa. Mpira ulikuwa ukienda juu ya taa na kushuka mikononi mwa yule mwenye mbio kana kwamba wameandikiana. Tulipata pointi thelathini na nane, ambazo hatukuwahi kuzifikia msimu huu hata kwa kujumlisha michezo mitatu.

Na unajua walifanya nini? Walinijia mimi. Othmar alinipiga mgongoni akasema, “Umeona, Norbert? Maneno yako yamemwingia. Ulimchokonoa mpaka akawa mwanaume.” Wakaja wengine wakanishika mkono, wakisema mtoto anahitaji mtu wa kumwambia ukweli. Nami nikasema asanteni. Nilisema asanteni mara nne au tano, huku Corwin akitoka uwanjani na kofia ya chuma mkononi, akipita chini yetu bila kuinua macho.

Sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi nilivuka uzio nikaenda kwa Alphonse. Alikuwa anakamua. Nilimweleza yote, bega, daktari, droo, kuanzia mwanzo, na sikutafuta maneno mazuri. Aliniacha nimalize. Kisha akasema wanajua tangu Septemba. Royce alimwambia Corwin kwenye mchezo wa pili, na vijana wakapatana wenyewe kwamba Corwin atakuwa anautoa mpira upesi, ili Royce asionekane amepitwa mbele ya mtu wa chuo. Alphonse alitaka kwenda kwa Kocha. Corwin akamsihi asiende. Alisema siri si yake, ni ya Royce, na Royce ana baba, baba yake atasema wakati wowote.

Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa anakuja Jumatatu zote zile kukaa nyuma na kusikiliza mwanawe akitukanwa.

“Nilikuwa nakungoja wewe,” akasema.

Nikamwambia Jumatatu, yaani leo jioni, ni kikao cha mwisho, na nitasimama pale mbele niseme yote, karatasi ya daktari nikiwa nayo mkononi. Alihamia kwa ng’ombe mwingine. Alisema nifanye ninavyoona, ni jambo zuri, ila yeye hatakuwepo. Alisema alikwenda Jumatatu zote akakaa mpaka ikatosha, sasa ana kazi.

Nitakwenda hivyohivyo. Nitasema mbele ya Othmar, na Mwalimu, na wapenda pai wote, watu ambao maoni yao nisingeyaokota yakianguka barabarani. Na yule mmoja aliyestahili kusikia atakuwa nyumbani kwake.

Nikusimulie nini tena. Vance amefungwa bandeji, anaendelea vizuri. Lucille nilimwambia jana baada ya misa. Yule kuku wa pole aliyebaki kwenye friza amempa mbwa. Royce anakusalimu. Yeye na Corwin wako ghalani kwa Alphonse wanatengeneza trekta, Royce akitumia mkono mmoja. Mimi ananiamkia asubuhi, basi.

Msalimie shemeji na wote wa huko Oregon. Liangalie hilo goti. Ukinijibu, niandikie lolote unaloona nastahili, ila usinionee huruma.

Ni mimi ndugu yako,
Norbert Rindler