Jina Lako Juu ya Lake

Voi, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba mvua ya huko Mghange imewaachia mboga kidogo. Jicho lililobaki linakusumbua bado? Mimi mwili ni mzima, ila Alhamisi kuna jambo lilinipata.

Lile jumba la tajiri wa mkonge sasa ni kituo cha vitabu na utamaduni. Sebule imejaa rafu, na meza yangu ya ukarani iko kwenye veranda ileile uliyokatazwa kukanyaga. Jumamosi ijayo kitafunguliwa rasmi, na aliyealikwa kusimulia maisha ya shambani ni nani? Filimbi, nyapara wenu.

Alipita Alhamisi. "Kijana, wewe mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Mghanga, wa Mghange."

"Aa, Chongo!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mvivu yule. Alijidunga mwiba mwenyewe apate kupumzika. Haya, lete chai, mtoto wa Chongo."

Nikamletea, Baba. Nikamtilia na sukari. Najua aliwakataza kupunguza ncha za miiba za majani ya mkonge kabla ya kukata, eti mnapoteza muda. Najua ulipochomwa jicho uliomba maji ya bomba la hapa verandani, naye akakuambia kwanza umalize mstari wako.

Ratiba ya sherehe naichapa mimi. Mkurugenzi wa kituo alipokwisha kuipitisha stensili, ile karatasi ya kutolea nakala, niliirudisha kwenye mashine ya taipu. Juu ya jina la Filimbi palikuwa na nafasi tupu. Nikapiga: "Msimulizi wa kwanza: Mzee Mghanga, mkata mkonge. Ataeleza alivyopoteza jicho." Nakala zimekwenda posta, hata ya chifu. Huenda nikafukuzwa, na ninaogopa sana, lakini sijutii. Nataka Filimbi akae kiti cha mbele, watu wote wakimtazama, anyamaze mpaka umalize.

Nisalimie dada Wakesho na shemeji. Nyanya mwambie sweta lake nalitunza, ingawa joto la Voi halitaki sweta. Mama usimwambie habari ya kazi.

Shuka Ijumaa, Baba. Usipoweza, nitasimama mimi niseme. Lakini ukija, utapanda veranda kwa ngazi za mbele, nami nitakukingia maji kwenye bomba lile.

Ni mimi mwanao, nitakayekungoja stendi,
Mwakio