Mstari niliouchukua kwa Mama Anitha

Alhamisi, 14 Mei. Nkwenda.

Mvua imekatika saa nne, jua likatoka kali, watu wakaanika kahawa upya.

Ni miezi mitano sasa natafuta kazi nyingine huku nikiwa bado kwenye hii ya steshenari. Kazi yangu ni kuchapa wasifu wa watu. Karibu wote nawachapia kwa faili moja nililolikuta kwenye kompyuta. Nabadilisha jina, shule na namba ya simu, mengine yanabaki: mchapakazi, mwaminifu, anajituma. Wanaridhika kwa sababu karatasi ina fremu ya maua.

Wa kwangu sikuuandika hivyo. Nimeurudia mara saba. Nimejifunza kuanza na kazi, si na dini wala hali ya ndoa. Nimejifunza kusoma tangazo neno kwa neno na kulijibu kwa kitu nilichokifanya kweli, na kutaja mahali nilipokifanyia. Wadhamini niliwapigia kwanza ndipo nikaandika majina yao. Nimepunguza mpaka ukabaki ukurasa mmoja.

Haya yote nayajua. Jumanne niliyaficha.

Alikuja mama mmoja wa Isingiro, hapa nitamwita Mama Anitha. Alikuwa na picha ya tangazo kwenye simu: kiwanda cha kukoboa kahawa kinatafuta mpokeaji wa kahawa, nafasi moja, maombi kwa barua pepe, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Ni nafasi ile ile niliyokuwa naandaa kuiomba mimi.

Nilimuuliza amewahi kufanya kazi wapi. Akacheka.

"Kazi gani mwanangu? Mimi ni wa jembe."

Kisha, kama mtu anayepitisha muda tu, akasimulia kwamba misimu sita alisimama penye mizani ya chama cha msingi cha ushirika kijijini kwao, akipokea kahawa. Barua ya ajira hana. Mwenye gunia anaapa kahawa yake imekauka, yeye anachota kiganja, anaitikisa karibu na sikio. Iliyokauka, punje zinagonga ndani ya maganda. Ambayo bado, inanyamaza.

"Hata shemeji yangu nilimrudisha na gunia lake," akasema. "Mpaka leo akija kwangu hanywi chai."

Nikaandika: Kazi, mkulima.

Nikalituma ombi akiwa amesimama nyuma yangu. Alinishukuru sana, akaniachia kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba.

Alipoondoka nilifungua wasifu wangu, nikaongeza mstari mmoja: Ninaweza kutambua kahawa ambayo haijakauka kwa kuitikisa.

Sijawahi kupokea hata gunia moja. Kwetu Nyakasimbi kahawa ipo, lakini mimi nilikuwa shule, kuanika na kugeuza ilikuwa kazi ya dada zangu.

Leo mchana nilikwenda kwenye turubai ambalo jirani ameanikia kahawa. Nilichota kiganja upande aliosema uko tayari, na kingine upande aliosema bado siku tatu. Nikatikisa huku, nikatikisa kule.

"Wewe, unapiga ramli na kahawa yangu?" jirani akaniuliza.

Masikioni mwangu zote zililia sawa.

Nilirudi nikaufuta ule mstari. Kisha nikaanza wasifu wa Mama Anitha upya, bila faili la maua. Juu kabisa niliweka mizani na misimu sita. Chini yake, namna anavyopima ukavu, na kwamba gunia bovu hulirudisha bila kujali ni la nani. Haukujaza hata nusu ukurasa. Niliuweka kando ya wangu nikausoma mara mbili. Ningekuwa mimi mwenye kiwanda, ningemwita yeye.

Kwa kuwa hana barua, nilihitaji mtu wa kumthibitisha. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamejibu?"

Nikamwambia bado, ila kwenye wasifu wake niliiruka kazi ya mizani.

"Mimi nilidhani umeona si kazi," akasema.

Nikamuuliza nani anaweza kumthibitisha. Alinitajia katibu wa zamani wa chama, akasema atampitia jioni amwombe ruhusa. Kesho saa mbili asubuhi atakuja kuusoma kabla sijautuma. Sijui kama kiwandani watafungua ombi la pili la mtu yule yule. Nitaandika kwamba kosa ni la mchapaji. Langu nitalituma baada ya lake, bila ule mstari.

Bado hajui kwamba niliiruka kwa makusudi. Wala hajui kwamba maneno yake yalikaa siku mbili kwenye karatasi yangu. Kahawa yake iko juu ya printa, sijaifungua.

Nitamwambia akiwa bado mlangoni. Akishaketi na kuniita mwanangu, najijua, sitasema.