Kandambili ya Marehemu Imekuwa Maua Ukutani

Bibi wa ukurasa huu, shikamoo. Naomba unipokee na unisaidie, maana nimefanya kosa ambalo sijui hata linaitwaje, si wizi, si uharibifu, au labda ni vyote viwili, na kila nikitaka kulisema mdomo unakuwa mzito, na sasa inakwenda wiki ya tatu.

Mimi ni mke wa dereva wa lori, nina mwaka mmoja na miezi kadhaa ndani ya ndoa, na tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu, mjane, mama mpole anayependa utani, ambaye tangu nimeingia hajawahi kuniita kitu kingine ila mwanangu. Kazi yangu ni mihuri ya mapambo. Nachukua soli ya kandambili kuukuu, nachora ua au ndege kwa kalamu, nachonga kwa wembe mpaka mchoro unabaki umeinuka, nabandika kizibo cha chupa kwa nyuma kiwe cha kushikia, basi muhuri tayari. Nagonga kwenye sifongo yenye rangi, nagonga kwenye karatasi au kitambaa, nainua wima bila kuburuza, na kwa mihuri hiyo natengeneza kadi, karatasi za kufungia zawadi, foronya, vitambaa vya meza, na mwaka ukielekea kuisha natengeneza vibendera vya karatasi vya kutundika sebuleni, huo ndio msimu wangu, watu wanataka nyumba zichangamke wageni wakija.

Sasa bibi, si kila kandambili inafaa. Mpya ina vitundu vitundu kama mkate, ukiichonga inabanduka makombo. Inayofaa ni iliyovaliwa miaka, hasa pale kwenye kisigino, pale mtu alipokanyaga na kukanyaga mpaka mpira ukashindiliwa ukawa laini kama sabuni. Hapo wembe unateleza wenyewe na petali hata iwe nyembamba vipi haikatiki. Majirani wananijua, nikiwatembelea wanatania wanaficha viatu.

Mwezi uliopita kazi zilinizidi na soli zikaniishia. Mama alikuwa anakwenda kliniki ya macho, akaniambia akiwa mlangoni, "Mwanangu, leo nifagilie chumba, na vyote vya uvunguni utoe, nimechoka kufuga panya." Nikafagia, nikatoa maboksi, magazeti, ndoo iliyopasuka, na mwisho kabisa, kule ukutani, nikakuta mfuko wa nailoni una kandambili za kiume, kubwa, za bluu, zimelika kisigino mpaka zinang'aa. Bibi, moyo uliniruka kwa furaha. Nikachukua ya kushoto, nikajiambia ya kulia nitaifuata baadaye, na mchana ule ule nikachonga mihuri mitatu, ua la petali sita kutoka kwenye kisigino, ndege na jani kutoka kwenye kilichobaki. Sijawahi kupata mihuri mizuri kama ile. Nikagonga vibendera vya sebule yetu, nikagonga karatasi za zawadi, nikagonga foronya za manesi wa zahanati, vyote vikatoka safi.

Mama akarudi, akakisifu chumba, kisha akauliza mfuko wa nailoni uko wapi. Nikamwonyesha. Akaufungua, akaingiza mkono, akasema, "Imebaki ya kulia peke yake. Ya kushoto iko wapi? Ile yenye tundu la msumari. Mzee aliukanyaga siku anaezeka hili bati, nikamchomolea mwenyewe kwa koleo, analia kama mtoto." Hapo ndipo nilipojua ni za baba mkwe wangu, aliyefariki miaka mitano iliyopita, ambaye sikuwahi kumwona. Badala ya kusema ukweli nikasema, "Labda panya, mama." Mama akaniangalia akasema, "Panya huyo basi anavaa viatu." Watoto wa wifi yangu, wako hapa likizo, wakacheka, mmoja akasema ni mbwa wa jirani, nami nikadakia, ndiyo, ni mbwa, na tangu siku hiyo yule mbwa akipita anamwagiwa maji.

Nilimpigia simu mume wangu akiwa safarini, akaniambia, "Nyamaza kimya, ukimwambia utamuua mama yangu." Rafiki yangu fundi cherehani kasema nitafute ya bluu nyingine iliyochakaa niitumbukize uvunguni, na kweli nilikwenda kwa muuza mkaa nikamwomba yake ya kushoto, akanipa, lakini nilipoishika nikaona aibu, nikaificha chini ya beseni la kufulia, iko pale mpaka leo.

Vibendera nikavitundika sebuleni, mama mwenyewe alinishikia kamba. Alivipenda. Kila asubuhi anakaa na chai yake kwenye kiti kinachotazamana navyo. Siku moja akashika kile cha karibu na dirisha, akaweka kidole kwenye petali, akauliza, "Hiki kitone cheupe umekifanyaje?" Kwa sababu ni kweli, bibi, pale penye tundu rangi haishiki, kila ua linatoka na kitone cheupe. Nikamjibu, "Ni umande, mama, ndio mtindo." Akacheka mpaka akafuta macho. "Umande wa mwaka gani huo, mwanangu?" Akasema atanipa foronya yake nimgongee ua hilo hilo, na kitone kiwepo.

Sasa kilichonifanya niandike. Juzi nimekwenda kwenye meza yangu ya kazi nikakuta ile kandambili ya kulia imewekwa pale, karibu na wembe, imeoshwa ikatakata. Nikajua ni wale watoto na michezo yao. Nikaibeba mbio, nikairudisha kwenye mfuko wake, nikausukuma uvunguni mpaka ukutani kabla mama hajaona. Lakini tangu hapo mama si yule. Hajanuna, ananiita mwanangu vile vile, ila kwenye kiti kile hakai tena, chai anainywea chumbani, na ile foronya aliyotaka nimgongee ameitandika hivyo hivyo, tupu. Je, kuna mtu amemwambia? Nimwambie, au mume wangu yuko sahihi? Au niitumbukize ile ya muuza mkaa? Nampenda sana mama huyu, bibi, sitaki kumpoteza kwa kipande cha mpira.

Ni mimi,
Mchonga Soli


BIBI ANAJIBU

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilitamani nikuchape kwa hiyo iliyobaki.

Mimi darasani sikuingia hata kuchungulia, lakini mama mkwe wako nimemsoma kutoka huku huku niliko. Wewe uliye naye nyumba moja, na shule ulikwenda, umeshindwa. Haya, keti nikusomee.

Mwanamke amechomoa msumari kwenye mguu wa mumewe kwa koleo. Tundu lile analijua kuliko unavyojua pua yako. Halafu anakaa asubuhi baada ya asubuhi anatazama ukuta mzima wa maua, na kila ua lina tundu lile lile, mahali pale pale, anakuuliza ni nini, unamwambia umande! Unadhani alicheka mpaka akafuta macho kwa sababu wewe ni mchekeshaji? Yalikuwa machozi yale, mtoto wewe. Amejua. Amejua tangu siku aliyoweka kidole, kama si tangu siku anakushikia kamba.

Amejua na hakukufokea. Amejua akaendelea kukuita mwanangu. Akaomba na foronya yake iwe na kitone, alaze shavu hapo. Kisha akangoja useme. Ukakaa kimya. Akaona, aah, huyu mtoto mwoga, ngoja nimrahisishie. Akaingia uvunguni na magoti yake ya uzee, akaitoa ya kulia, akaiosha, akaiweka juu ya meza yako, tena karibu na wembe ili hata kipofu aelewe. Watoto wa likizo! Ni watoto gani hao wanaoosha viatu bila kutumwa? Wa kwangu hata miguu yao wenyewe naiosha kwa kuwakimbiza uwanja mzima.

Umepewa zawadi, ukafanya nini? Ukambeba mume wa watu mbiombio ukamsukuma uvunguni mpaka ukutani!

Ndiyo maana kiti kiko kitupu. Hana hasira ya kukatwa kandambili. Amedhani umeikataa. Amedhani unaona kinyaa kitu cha marehemu, au kwamba ile ya kwanza kwako ilikuwa takataka na hii nayo ni takataka. Wewe unamwogopa, yeye amevunjika moyo, na mnapishana koridoni mnaitana mama na mwanangu.

Sasa tuongee kosa lako. Kukata hukukosea. Ulitumwa utoe vya uvunguni, ukatoa, na aliyesahau alichokificha huko ni yeye. Hilo analijua. Kosa ni panya. Kosa ni mbwa. Kosa ni huo umande wako. Wiki tatu unamfanya mtu mzima mjinga ndani ya nyumba ambayo mumewe aliiezeka, na mnyama asiye na hatia anaogeshwa kwa ajili yako. Aibu, mjukuu wangu. Aibu ndogo, lakini ni aibu.

Mumeo mwambie bibi amesema aendeshe lori. Mama yake amemzika mume na bado anatania, maneno yako hayatamuua. Anayeogopa kuona mama analia ni yeye. Huyo fundi cherehani naye ashone nguo. Na ile ya muuza mkaa mrudishie leo hii, mtu wa watu anatembea mguu mmoja peku kwenye makaa kwa sababu ya uongo wako.

Nikwambie kitu. Mimi nina kofia ya mzee wangu. Iko ndani ya sufuria kubwa nisiyoipikia. Naifunua, naitazama, naifunika. Miaka kumi na moja sasa, na hakuna hata mmoja kati ya wanangu aliyewahi kuniuliza kuna nini humo. Wanapita kwa kunyata, wanadhani wananihurumia. Angetokea mtu akaichukua ile kofia akaifanya pambo, likatundikwa sebuleni, mgeni akaingia akauliza, hiki ni nini, nikapata nafasi ya kusema, ni cha mume wangu, alikuwa hivi, alikuwa vile, alikoroma kama treni... Ningemfokea kwanza, sikufichi, hata wewe ungesikia huko uliko. Halafu kesho yake ningevuta kiti nikakaa mbele ya pambo hilo na chai yangu.

Basi fanya hivi, tena leo, kabla vibendera havijashushwa. Mfuate chumbani kwake, keti kitandani karibu naye, usizunguke na habari za hali ya hewa. Sema, "Mama, ya kushoto niliikata mimi. Si panya, si mbwa." Yatosha. Usilie kabla yake, usimnyang'anye zamu yake. Akifoka mwache afoke. Akinyamaza nyamaza naye. Kisha mpe ule muhuri wa ua mkononi, umletee sifongo na ile foronya tupu, agonge mwenyewe. Usimshike mkono. Ua likitoka limepinda, limepinda, foronya ni yake. Nawe funga mdomo, kwa sababu akishagonga la pili ataanza kusimulia, na atakayoyasema hata mumeo hajawahi kuyasikia.

Akimaliza ndipo umwambie, "Mama, ya kulia uliniwekea mezani, sikuelewa. Naiomba tena." Akisema basi, abaki nayo, na usiitaje milele. Akikupa, ichonge mbele yake, uchonge atakachotaja yeye, si maua yako unayoyapenda. Na kisigino usikiguse mpaka aseme.

Kama nimekosea mimi, ikawa hajui lolote, utakuwa umesema ukweli kwa mtu anayekuita mwanangu. Hapo umepoteza nini?

Mbwa mpelekee mfupa. Wenye nyama.

Mkishapatana, nigongee na mimi kadi moja ya ua hilo, itume hapa gazetini watanifikishia. Usihangaike kuandika maneno ndani, siyasomi. Kitone nitakiona. Nami nikimaliza kukujibu naitoa ile kofia kwenye sufuria, sebuleni kwangu kuna msumari hauna kazi.