Makande ya Mama Yako

Marahaba, mjukuu wangu Nakundwa. Nina miaka themanini na moja, na madaktari wawili walionikataza ugoro nimewazika. Bibi yako hajambo, na tangawizi yetu imestawi kuliko ya wengine.

Umeniuliza kwa nini wazee wanawabishia ninyi mnaopima watoto. Mimi niliwabishia kuliko wote. Mama yako, Namsifu, alikuwa na mwaka na nusu, mizani ikaonyesha ni mwepesi mno. Nikawaka, "Namsifu anakula makande kama mimi!"

Dada mtafiti aliyempima akasema, "Baba, naomba nimwone akila."

Akaketi jikoni kwetu. Mtoto akanyonya mchuzi, mahindi na maharage akayatema. Kumbe siku zote bakuli lilikuwa likimalizwa na kuku!

Nikashika mchi, nikawa namtwangia makande yake kila siku, mwanamume mzima. Jirani yetu Naelijwa akapaza sauti, "Njooni muone, Mama Namsifu kaoa!" Nikatwanga tu. Mizani iliporudi mama yako alikuwa amenenepa, nikamwambia yule dada aandike na jina langu.

Wewe pia uombe kukaa jikoni.

Kama huamini, muulize Naelijwa, bado yu hai. Alicheka wiki nzima, kisha akaja kuuazima mchi.