Kofia ya Viua Nyuma ya Goli

Madungu, Chake Chake,
Pemba.
Mfunguo Pili, Ijumaa baada ya sala.

Kwako ndugu yangu Fahd,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Muscat mzima wa afya, na lile goti lako limeacha kukusumbua, na yule bosi wako naye amepunguza kelele. Ukituuliza sisi, hatujambo sote, alhamdulillahi, na mie binafsi sijambo kupita kiasi. Yakhe, nikwambie kabla sijakaa sawa: Pemba nzima, kutoka Kisiwa Panza mpaka Konde, hakuna mtu aliyeshushiwa bahati kama mie. Chuo chetu kimechukua kombe la vyuo, na kombe hilo nimelichukua mie, mpishi wa dakhalia wanakolala wanafunzi, nikiwa nimekaa kitako juu ya ndoo yangu nyuma ya goli, kofia yako ya viua, ile iliyodariziwa kwa mkono, kichwani. Wachezaji walikimbiakimbia tu pale ili watu wasiseme.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simuni wewe hunikata kauli kwa kicheko, na haya nataka uyasikie mpaka mwisho. Barua anakuja nayo Mardhiya, binti wa jirani yetu, pamoja na halua ya Wete. Ukiikuta halua imepungua muulize yeye, si mie. Na mwandiko usiucheke. Mie skuli niliiacha kabla haijaniacha, lakini nimekaa Tanga, nimekaa Mombasa, na Dar wananijua mpaka mapolisi. Huko nako ni kusoma.

Sasa tuje kwenye mpira. Wakumbuka siku uliyoondoka jikoni kwetu, timu ilikuwa inafungwa na kila anayepita njia. Ukanivua kitambaa changu cha jikoni, ukanivisha kofia yako mbele ya vijana, ukasema bahati ya timu unaniachia mie. Wewe ulitania. Vijana hawakutania. Jioni ile ile wakawafunga wale wanaosomea uuguzi, mie nikiwa nyuma ya goli juu ya ndoo ya uji niliyoifudikiza, kwa sababu viti havikuwepo. Basi ikawa ndiyo sharti. Nisipokuwa juu ya ndoo, na kofia isipokuwa kichwani, hawatoki dakhalia.

Nahodha wao ni Fahmi, yule mrefu anayesomea umeme, ana miguu kama ngazi. Alikuwa akija jikoni kila asubuhi, hakuja kwa chai, alikuja kuhakikisha kofia haijafuliwa. Mke wangu Rawya alipotaka kuitia majini, maana ilikuwa ishaanza kusimama yenyewe, walikuja ujumbe mzima nyumbani kumwomba awasamehe. Rawya akawaambia timu inayotegemea jasho la mpishi iache mpira ikacheze bao. Wakacheka, lakini kofia wakanirudishia kichwani.

Tukashinda, tukashinda tena. Hapo ndipo walipovuka wale wa Unguja kuja kucheza nasi nusu fainali. Yakhe, watu wale waoga! Walikuja na maji yao, wali wao, hata chumvi yao. Biriani yangu niliyoiamkia alfajiri hawakuigusa, wakaiangalia kama itawauma. Kufika uwanjani, nahodha wao akanyoosha kidole kwangu, akamwambia refa kwamba yule mzee wa kofia si mpishi, ni mganga, na wao hawachezi mpaka kofia ikaguliwe. Refa akaja, akaikung'uta mbele ya watu wote. Ikadondoka konyo moja ya karafuu. Mie najua ilitoka wapi, nilikuwa nimetoka kumsaidia shemeji kuchuma. Lakini wale ndugu zetu walirudi nyuma kama wameona joka, na kipa wao mpaka mwisho wa mchezo hakusimama upande ule wa goli. Upande ule ndio tuliofungia yote mawili. Kocha wetu, Mwalimu Badar, mtu wa dini na vitabu, alinivuta kando akaniambia mambo haya ni upuuzi mtupu, na kwamba siku ya fainali nisichelewe.

Na huku nyumbani, Fahd, Rawya alikuwa mzito. Wewe ndiye uliyeshika jembe pamoja na mie mara zote mbili, kule nyuma ya msikiti, kwa hiyo sina haja ya kukukumbusha vile visanda vilivyokuwa vidogo. Safari hii sikumwambia mtu. Mwezi wake ulipokaribia akahamia Jadida, kule Wete, kwa mama yake, Bi Mwanawema, kama ilivyo ada, nami nikabaki Chake na sufuria zangu. Nilikuwa nikipika wali huku simu ipo kwenye mfuko wa shati, na ikilia nauacha mwiko ndani ya sufuria. Mara nyingi ni Fahmi akiuliza kofia i wapi.

Fainali ikaja, uwanja wa Gombani, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Nimekwambia hapo juu kuwa nilikuwa juu ya ndoo yangu. Naam, ndoo ilikuwepo. Hapa nimeiweka kalamu chini, nimekwenda kuchota maji, nimerudi. Ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Timu inapasha misuli, Bi Mwanawema akanipigia. Akasema uchungu umeanza tangu adhuhuri, wameshampeleka hospitali, na mtoto kalala vibaya. Halafu akasema, kwa sauti ile yake isiyojua kubembeleza, kama n'na bahati kama ninavyojitapa basi niilete Wete, maana hapo Gombani kuna watu wazima wenye miguu yao. Nikanyanyuka kwenye ndoo. Vijana wakanizunguka. Fahmi akanishika mkono akasema haya, mzee, nenda, Mungu akufanyie wepesi, lakini tuachie kofia. Kofia tu. Wakawa wote wananitazama kichwani.

Nisingewapa nini watu wale, Fahd? Ukoko nawakatia wao kwanza, wakiumwa nawapikia uji bila kuombwa. Kofia niliwanyima. Niliishika kwa mikono miwili nikawaambia siku ile si yao. Maana nikwambie siri: kofia ile nilikuwa nikilala nayo. Rawya akidhani ni mambo ya mpira. Haikuwa ya mpira hata kidogo. Kila goli walilofunga nililihesabia mwanangu, nikisema kimoyomoyo basi hili nalo ni lake, atakuja hai. Nikawaacha pale na nyuso kama za watoto walionyang'anywa mkate, nikapanda bodaboda.

Kijana wa bodaboda nilimwambia apige mbio, naye akapiga mbio za kutafuta kaburi. Nafika hospitali, nimelowa jasho, natia mkono kichwani ili niishike vizuri niingie na bismillahi. Kichwa kitupu. Kofia ilipeperuka huko njiani, wala sijui ni kwenye mteremko gani. Fahd, nilikaa chini pale mlangoni kwenye sakafu. Kombe nimewanyima vijana, na mwanangu nimemjia mikono mitupu. Muuguzi akaja akaniuliza kama mie ndiye mgonjwa.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia adhana ya magharibi, na ilipomalizika nikasikia sauti nyingine ndani, nyembamba, yenye hasira. Bi Mwanawema akatoka, akaniangalia kichwa kitupu, akasema ni msichana, mzima, ana sauti ya baba yake, Mungu amsaidie. Nililia mpaka nikaona haya. Mama mtu naye yu mzima. Tumemwita Kauthar.

Simu nilikuwa nimeizima kwa kuwaogopa vijana. Hawakuhangaika na simu, walikuja wenyewe na gari ya chuo, honi tangu Limbani, na kombe dirishani. Walifungwa la kwanza, wakarudisha, wakaongeza. Fahmi akaniambia usoni kwamba hawakucheza kwa bahati, walicheza kwa kunikasirikia mie. Kipa, Mabruki, akasema penalti ile ya mwisho aliidaka huku akinitukana kwa jina la baba yangu. Nikamwambia baba atakuwa amesamehe. Halafu wakauliza mtoto yu wapi, na muuguzi akawafukuza wote, pamoja na Mwalimu Badar aliyekuwa akipiga kelele kuliko vijana. Kombe lilibaki. Bi Mwanawema, kwa kukosa chombo, akalisuuza akatilia uji wa pilipili manga, Rawya akanywa. Hivi sasa limesimama ofisini kwa mkuu wa chuo, na kila mgeni anayeinama kulitazama anapiga chafya.

Nipo mwepesi, ndugu yangu, kama mtu aliyetua gunia la karafuu. Jana walicheza mechi ya kirafiki, nami nikabaki jikoni nikipika. Hakuna aliyekuja kuniita. Iliniuma kidogo, si uongo.

Rawya anakusalimu, na anasema usinunue kofia nyingine. Bi Mwanawema anakusalimu na anaulizia mafuta yake ya udi uliyomwahidi. Vijana wote wa dakhalia wanakusalimu. Kauthar kalala, akiamka naye atakusalimu, utamsikia huko huko. Nisalimie Waswahili wenzetu wa huko mmoja mmoja.

Ni mie nduguyo,
Jaribu, mpishi.

Na lile neno la mwanzo wa barua, la kwamba bahati ni yangu, lifute kwa kalamu. Lilikuwa uongo. Sikuwepo, na kichwani sikuwa na kitu.