Siku Tuliyofunga Bomba la Turbo, Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Kwetu mwanamume hamwandikii mama mkwe wake barua. Hampi mkono, hali naye chakula, na akikutana naye njiani anakaa pembeni mpaka apite. Unajua mwenyewe. Tangu nilipomwoa Nyangi ulikuwa ukinisalimia huku umegeuza uso kama mtu anayeangalia ziwa, hata tukiwa nyumbani kwako Buswahili ambako ziwa halionekani. Lakini sasa umelala, na nina maneno niliyoyaweka muda mrefu. Nayaandika hadharani ili wajukuu zako nao wajue ulikuwa mtu wa namna gani.

Nakukumbuka ukiuza dagaa Mukendo, mjini Musoma, katika miaka ile ya foleni, sabuni ikiwa ya kuulizia kwa kunong'ona na gari likikosa spea linaachwa kwenye nyasi hadi kuku walitagie. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuingia, uliwauza ng'ombe wa mahari ya Nyangi, ng'ombe niliowaleta mimi mwenyewe na wazee wangu, ukanunua pikapu ya Kijapani iliyokwisha kutumika. Shemeji yako, Mzee Wambura, alikasirika sana. "Ng'ombe anazaa," alisema. "Hilo bati litazaa nini?" Ulimtuma Nyangi kuniambia niache kazi ya malori nije kuiendesha.

Ilikuwa ya dizeli, tena yenye turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie hewa zaidi. Nikikanyaga mafuta kupanda mlima wa Butiama ilitoa filimbi nyembamba, na watoto walikimbia kuisikiliza. Wewe ulikaa nyuma juu ya magunia, kwenye vumbi na jua, ndani ya gari lako mwenyewe, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa karibu na mkweo. Niliona aibu kila safari. Sikuwa na la kufanya.

Kisha siku moja, tukitoka Bugwema, filimbi ikakatika. Gari likaishiwa nguvu, moshi ukaingia ndani. Nilipofungua boneti nikaona bomba la kwanza limepasuka kwenye kona, lile linaloupokea moshi kwenye turbo na kuushusha chini ya gari, ambalo mafundi wanaliita daunpaipu. Tulilichomelea Musoma, likapasuka tena. Tukachomelea, likapasuka. Na wewe ulikuwa umeahidi kupeleka mahindi ya Bugwema kwenye shule moja ya bweni Bunda kabla mvua hazijafunga njia. Mzee Wambura alishasema mbele ya ukoo kwamba mahindi yakilala, gari linauzwa.

Ndipo tukaenda sote watatu, wewe, Nyangi na mimi, kwenye duka la spea mjini. Sijasahau hata kidogo ulivyochagua.

"Nyangi, muulize mumeo," ulisema, nami nimesimama pale pale, "moshi ukitoka kwenye turbo unataka nini?"

"Mwambie mama unataka njia pana isiyo na kona kali," nikamjibu Nyangi. "Ukibanwa, turbo inachelewa kuamka na injini inachemka."

Nyangi alituangalia, akacheka. "Mmeshasikiana. Mimi nirudie nini?"

Mwenye duka alitoa mabomba matatu. La kwanza lilikuwa la gari kama letu, lililotumika, na kutu ilikuwa imeanza kwenye kona ile ile lilipopasukia la kwetu. La pili alilitengeneza fundi kwa bomba la maji: zito, jembamba, lingeweza kubeba daraja lakini moshi ungepita kwa shida. La tatu lilipitia mpakani Sirari kutoka Nairobi, lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashindano ya magari. Lilikuwa pana, kona yake imepinda taratibu, na katikati lilikuwa na kipande cha nyaya zilizosukwa kinachojipinda injini ikitikisika.

"Ukifunga hili," mwenye duka alijigamba, "mtaa mzima utajua umefika."

"Mimi nataka mahindi ndiyo yafike," ulisema. Ukaingiza mkono ndani ya kila bomba, taratibu, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Kwenye lile la maji mkono wako ulikwama penye uvimbe wa kuchomelea. Kwenye la Nairobi ulipita wote. Mimi nilikuwa nimekuja na gasketi ya zamani, ile inayoziba kiungo moshi usivuje. Nikaiweka kwenye mdomo wa bomba, matundu yakalingana. Nilitamani kukwambia moja kwa moja kwamba umechagua vizuri. Nilimwambia Nyangi.

"Na sailensa ya nyuma ibaki," uliongeza. "Nisije nikawaamsha wagonjwa barabara nzima."

Siku ya kulifunga, kule Buswahili, mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Bugwema. Majirani walikuwa wameenda msibani. Nyangi alikuwa mjamzito, hawezi kuinama juu ya injini. Nililala chini ya gari, nati nimeshazilowesha dizeli tangu jana yake, zikafunguka zote isipokuwa moja. Ile iligoma. Ilihitaji mtu wa kushikilia spana kwa chini na mwingine wa kuivuta kwa juu. Pale chini nikamsikia Nyangi akihema, akijaribu.

Halafu nikaona miguu yako. Ulivua kandambili, ukapanda kwenye bampa.

"Mkwe."

Hukuwahi kuniita hivyo moja kwa moja.

"Mkwe, injini ipo kati yetu. Sikuoni, hunioni. Niambie nivute wapi."

"Kulia kwako, mama," nilisema. "Chomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana, kisha vuta kuja kwako."

Ulivuta. Ikalia kama mbuzi, ikaachia. Tukalitoa la zamani, tukapandisha jipya. Mimi nilitaka tukaze juu haraka kwa sababu ya mvua, ukanizuia: "Upande wa chini haujashika, nahisi bomba linaning'inia. Tushikize nati zote kwanza." Ulisema kweli, tukashikiza zote kwa vidole, nikafunga ile mikono ya kulibeba bomba ili lisiitegemee turbo, ndipo tukaanza kukaza moja moja. Kwenye nati ya juu vidole vyetu viligusana.

"Kaza," ulisema.

Na hapo ndipo Mzee Wambura alipotokea.

"Mama Nyangi! Wewe na mkweo! Mambo gani haya? Hatukuwagaga hivi!"

"Tunafunga bomba, shemeji," ulimjibu bila kuinua kichwa. "Mahindi yanangoja. Shika hili bati la kukinga joto, tunakosa mkono."

Alisimama. Akatazama mawingu, akatazama tumbo la Nyangi. Mwisho alivua koti, akalishika bati, uso ameuelekeza pembeni.

Nilipowasha, nilipitisha kiganja kwenye kila kiungo kutafuta moshi unaovuja, bila kugusa. Haukuwepo. Nikakanyaga mafuta kidogo, na filimbi ikaja mapema kuliko zamani, imetulia. Hata Mzee Wambura alisema, "Eh."

Matone yalianza kuanguka tukiondoka kwenda Bugwema. Nilidhani utapanda nyuma. Ulifungua mlango wa mbele, ukakaa, khanga umeivuta mpaka kichwani, macho kwenye dirisha la upande wako. "Twende," ulisema. Tulipakia huku mvua ikianza, tukapanda mlima wa Butiama na mzigo kamili bila kushuka hadi gia ya chini kabisa, na Bunda tukaingia mahindi yakiwa makavu chini ya turubai. Mzee Wambura hakusema tena habari ya kuuza. Ukasomesha wajukuu kwa gari lile, na bomba halikupasuka mpaka injini yenyewe ilipozeeka.

Nimewahi kuwaona watu jasiri. Wengi walipiga kelele kwanza. Wewe ulivua kandambili tu ukapanda. Hukuidharau mila, baada ya siku ile uliendelea kunisalimia kwa kugeuza uso, nami niliendelea kukupisha njia. Ila ulijua ni wakati gani mtu anatangulia mbele ya desturi, na hukungoja mwanamume akwambie.

Mama, mwezi ule wa mwisho hospitalini Musoma, Nyangi alikuwa ameenda kukuchemshia uji. Nesi alitoka akauliza nani ndugu wa mgonjwa, maana unataka kugeuzwa. Nilikuwa peke yangu pale kwenye benchi. Nikasimama, nikasema, "Mimi. Ni mwanawe." Mlango ulikuwa wazi. Ulisikia. Nilingoja unisahihishe, lakini ukaninyooshea mkono.

Pumzika, mama.

Ni mimi, mwanao.